Ma Klaudia na Pambizo za Kitabu cha Sheikh

Ndugu Klaudia Kokuberwa anastaafu Jumapili, tarehe 31 Oktoba 1976, baada ya kukaa na sindano, uzi na gundi kwa miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Aliajiriwa tarehe 2 Agosti 1948, karakana hii ilipokuwa bado ya mzee Laxmidas, ina meza mbili na dirisha moja. Anaiacha ikiwa Ushirika wa Uchapaji na Jalada wa Nshambya, wenye meza tisa, wafanyakazi thelathini na mmoja, na paa linalovuja palepale lilipokuwa likivuja mwaka ule. Tutamuaga Jumamosi tarehe 30, saa nane mchana, na kila mfanyakazi anaombwa kufika na kiti chake.

Kamati ya sherehe imempa mwandishi wa maneno haya, Protase Mwijage, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ameshona vitabu meza moja na Ma Klaudia tangu mwaka 1969. Mwandishi alikubali haraka, na haraka haina baraka. Amekwisha kuchana rasimu tatu. Leo ni Jumatano, stensili inakatwa kesho asubuhi, na Katibu ameshachungulia mlangoni mara mbili kuuliza kama kazi imekwisha. Wasifu huu utasomwa kwa sauti mbele ya wageni wote, na kuna mgeni mmoja ambaye mwandishi akimkumbuka tu anatoka jasho. Tutamfikia.

Ma Klaudia alizaliwa Kashozi mwaka 1921, katika nyumba ya migomba na kahawa kama nyumba nyingi za kule. Masista walimfundisha kushona vitambaa vya altare. Sista mmoja mzee, alipoona mishono yake imenyooka kuliko ya wenzake, alimpa kitabu cha nyimbo kilichochanika mgongo akamwambia ajaribu. Miaka ilipita, kitabu kile kikaonekana na mzee Laxmidas mikononi mwa padri aliyekuja kununua karatasi. Mzee akauliza ni fundi gani wa Kampala aliyekishona. Alipoambiwa ni mama mmoja wa Kashozi, alimtumia salamu kwamba Jumatatu aje na sindano yake.

Tangu hapo ni vigumu kupata ofisi katika mkoa huu wa Ziwa Magharibi isiyokuwa na kitabu kilichopita mikononi mwake. Ameshona vitabu vya ubatizo, vya mahakama, vya shule, na madaftari ya kituo cha utafiti cha Maruku, ambako wataalamu wa kahawa na migomba walizoea kuyaleta yakiwa na udongo kati ya kurasa, naye akawa anakung'uta udongo huo kwenye gazeti na kuwarudishia, eti huenda nao ni sehemu ya utafiti. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipoanza, alishona na wenzake vitabu elfu kumi na moja kwa miezi minne. Watu waliojifunza herufi ya kwanza ukubwani kule Muleba walijifunza kwenye uzi wake.

Tabia zake tunazijua wote. Gundi haipimi kwa kijiko, huinusa. Mfuko wa aproni yake hauishiwi akamwani, na asiyekubali kutafuna punje mbili za kahawa kabla ya kuanza kazi huhesabiwa kuwa amekuja na kisirani. Mwaka 1959 senene walipoingia madirishani asubuhi kama mvua, karakana nzima ilikimbia nje na vikapu, akabaki yeye peke yake mezani, anashona na midomo inasali. Mzee Laxmidas alimsifu mbele ya wote kwa uaminifu. Jioni alipovua aproni, mifuko yote miwili ilikuwa inatembea.

Na anayo kanuni yake moja. Kabla ya kushusha kisu kikubwa cha kukatia karatasi, mwite mwenye kitabu umwulize. Ukiwa hujui, uliza. Amewaambia mafundi wote waliopita hapa waende polepole, kwa Kihaya chake: "Mpola, mwana wange. Mgomba ukiukata unachipua. Karatasi haichipui."

Sasa kuhusu faili. Meneja alimkabidhi mwandishi faili la Ma Klaudia ili apate tarehe sahihi. Ndani mna barua nne za pongezi na barua moja ya onyo. Barua ya onyo ni ya tarehe 10 Machi 1972, na inasema Ndugu Klaudia Kokuberwa alifanya uzembe ulioharibu kitabu cha dini cha mteja. Kwa barua hiyo alinyimwa cheti cha mfanyakazi bora wa Mei Mosi mwaka ule, na usimamizi wa chumba cha jalada, ambao ulikuwa umekwisha kusemwa kuwa ni wake, akaupata miaka miwili baadaye. Wajumbe wa kamati wameshauri, kwa nia njema, kwamba barua hiyo irukwe. Sherehe ni sherehe. Mwandishi ameijaribu njia hiyo katika rasimu zote tatu, na ndiyo maana alizichana.

Kitabu kilichotajwa kilikuwa cha Sheikh Muhidini wa Muleba. Kilikuwa kitabu kikubwa cha ufafanuzi wa Kurani kwa Kiarabu, kurasa mia nne na themanini, kimeliwa mgongo na mende. Maandishi ya kiwandani yalikaa katikati ya ukurasa. Pembeni, kwenye pambizo, kulikuwa na maandishi ya mkono ya watu watatu: mwalimu wa mwalimu wa Sheikh, aliyesoma pwani, kisha mwalimu wake mwenyewe, kisha yeye. Kila mmoja aliandika alivyosikia kutoka kinywani mwa aliyemtangulia. Sheikh alikuwa Sunni, na kwake elimu ya Kitabu hupita hivyo: kutoka kwa Mtume kwenda kwa masahaba zake, kutoka kwa masahaba kwenda kwa wanafunzi wao, mkono kwa mkono hadi leo. Alisema kwamba baada ya Mtume hakuna mtu aliyekingwa na kosa, na kwa hiyo kila jina katika mnyororo ule lipimwe: alikuwa nani, alimsikia nani, alikuwa mkweli? Mnyororo huo wanauita isnadi. Habari isiyokuwa na jina la aliyeileta, alisema, ni upepo tu.

Alikuwa na rafiki wa kubishana naye. Huyu ni Bwana Rajabali, mwenye duka la nguo na nyuzi hapa mjini Bukoba, Mshia wa Ithnaashari. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi Sheikh alikuja mjini, nao wawili wakakaa kwenye benchi la barazani kwa Rajabali. Ma Klaudia alikwenda pale kununua uzi, akachelewa kurudi kuliko uzi unavyohitaji, na ndiye aliyetusimulia. Walishika sana aya ile inayowaambia watu wawaulize wenye ukumbusho wanapokuwa hawajui. Wenye ukumbusho ni nani? Sheikh alisema ni wenye elimu, wanavyuoni waliosoma kwa walimu na wakakubaliana. Rajabali alisema Mungu hawezi kukiacha Kitabu chake mikononi mwa mabishano. Mtume aliwaachia watu wa nyumba yake, Ali na Maimamu kumi na mmoja baada yake, waliokingwa na kosa, na maana ya ndani ya Kitabu imo kwao. Imamu wa mwisho yuko katika ghaibu, amefichwa na Mungu, na wakati huu muumini anamfuata mujtahidi, mwanachuoni mkuu aliye hai. Rajabali mwenyewe, likimshinda jambo, aliandika barua kwa wanavyuoni wa Najafu, kule Iraki.

Hapo Sheikh alikuwa akicheka, anamwambia, "Swali lako likifika huko, kwetu masika mawili yamepita." Naye Rajabali alijibu, "Jibu linalochelewa linavumilika, Sheikh. Kosa linalowahi je?" Siku moja walimgeukia Ma Klaudia wamwulize Wakatoliki wanamwuliza nani. Akawaambia, "Mimi namwuliza Padri, Padri anamwuliza Askofu, Askofu anaandika Roma. Na Roma nayo haina haraka, waitu." Walicheka wote watatu, akasahau uzi.

Mwandishi ni Mkatoliki na si kazi yake kusema nani alikuwa na haki. Lakini aliona jambo moja ambalo wale wawili hawakulibishania hata siku moja: kwamba mtu haruhusiwi kukisemea Kitabu kutoka kichwani mwake, na kwamba ukileta neno, useme umelitoa kwa nani.

Jumatatu tarehe 6 Machi 1972, Sheikh aliletwa karakanani na binti yake, Mwamvita, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alitaka kitabu kishonwe upya kabla ya Maulidi ya mwisho wa Aprili. Siku hiyo angemkabidhi Mwamvita kitabu na idhini ya kufundisha, kama yeye alivyokabidhiwa. Ma Klaudia alikipokea, akakiweka rafu ya juu. Kabla ya saa kumi akaletewa habari kwamba shangazi yake amefariki Kashozi. Akaondoka na kanga yake, na foleni ya kazi ikabaki kwa mwenzake wa mezani.

Mwenzake wa mezani ni mimi. Kutoka hapa sitaweza kuandika "mwandishi" tena, mnisamehe.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, si mtoto. Jumanne nilikishusha kitabu kile, nikakifungua, nikaona kila pambizo imejaa mikwaruzo ya wino mweusi, wa kahawia, wa buluu. Katika shule niliyosoma, anayeandika kwenye katekisimu alichapwa viboko. Kitabu kitakatifu kwangu kilikuwa kitabu kisafi. Nilimwonea huruma mzee wa watu, kitabu chake kimechafuliwa namna ile na wanafunzi watundu. Nikasema moyoni nitamfanyia zawadi. Nikakifumua, nikakiweka chini ya kisu, nikakata pande tatu mpaka karibu na maandishi ya kiwandani. Kingo zikatoka nyeupe, zinateleza. Kusema kweli, nilifurahi.

Sikuuliza. Meneja alikuwepo, mteja tulikuwa na anwani yake, na Ma Klaudia alikuwa Kashozi, mwendo wa baiskeli.

Kila aliyefanya kazi hapa anajua vipande vya kukatia vinakwenda wapi: ndivyo tunavyowashia jiko la gundi. Jumatano mchana Ma Klaudia alirudi kutoka msibani, bado ana majani ya mgomba kwenye viatu. Alinikuta nakoroga gundi. Alitazama jikoni, akainama, akachomoa ukanda wa karatasi ulioungua nusu. Akausogeza kwenye mwanga. Akaniuliza, "Huu umeutoa wapi?" Nilipomwonyesha kitabu, alikaa chini kwenye sakafu, mama wa miaka hamsini na mmoja, na mimi nikakaa naye. Gundi iliungua. Hakuna aliyeitoa.

Wengine wangeanza kunipigia kelele. Yeye akasema jina la Rajabali. Alikumbuka daftari. Miaka mitatu nyuma alimshonea Rajabali daftari pana, kwa sababu Rajabali alisema hawezi kumjibu Sheikh kwa kubahatisha. Kila Alhamisi ya benchi aliazima kitabu kwa saa chache, akanakili pambizo neno kwa neno upande wa kulia wa ukurasa, na upande wa kushoto akaandika majibu yake. Alikuwa amefika mwisho. Sheikh alilijua daftari hilo na akalitania, akisema ni mara ya kwanza anaona mtu akibeba silaha za adui kwa uangalifu hivyo.

Lakini Rajabali alikuwa anahama. Nyumba yake ilikuwa imechukuliwa na Serikali mwaka uliotangulia pamoja na majumba mengine ya kupangisha, mkewe alikuwa ametangulia Kanada, na yeye alikuwa na tikiti ya meli ya Mwanza ya Alhamisi. Tulipofika dukani kwake asubuhi ya Alhamisi hiyo tulikuta mlango una kufuli na benchi limekwenda.

Nilimpakia Ma Klaudia nyuma ya baiskeli. Wanaomjua wanajua si mzigo mdogo, na wanaojua mteremko wa kwenda ziwani wanajua kwamba breki zangu zilikuwa soli za viatu. Njia nzima alikuwa akisema Salamu Maria kwa sauti, na mimi sikujua kama anaombea daftari au shingo yake. Bandarini masanduku yalikuwa yanapakiwa. Nilitazama kila sanduku likipanda nikiona ndilo. Tulimkuta Rajabali amekaa juu ya begi, kofia mkononi, anaangalia milima ya mji. Daftari lilikuwa ndani ya begi dogo, pamoja na Kurani yake. Hakuliamini sanduku.

Ma Klaudia alimweleza bila kuzunguka. Rajabali alivaa kofia yake. Kisha akasema, "Miaka yote namwambia Muhidini elimu bila mlinzi inapotea. Sasa mama unaniambia mlinzi ni mimi?" Alikusudia kulipeleka daftari lile Najafu lisomwe na wakubwa wa elimu, wamwonyeshe alipokosea. Hakuwa na nakala nyingine. Hapo mimi, kwa akili yangu ileile ya Jumanne, nikasema tungeweza kulikata katikati, upande wa kulia ubaki, wa kushoto aende nao. Wote wawili walinitazama. Ma Klaudia akafungua ukurasa mmoja, akaugeuza polepole ili nione: nyuma ya maneno ya Sheikh kulikuwa na majibu ya Rajabali, na nyuma ya majibu kulikuwa na Sheikh.

Meli ilipiga honi. Rajabali akamwuliza, "Nani amekata?"

Ma Klaudia akasema, "Mkono wangu, waitu."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika usukani wa baiskeli. Rajabali alimpa daftari. Alisema, "Mwambie asome pande zote mbili, si upande wake tu. Na kisu kisiguse." Akapanda ngazi na begi lake, hakugeuka.

Njiani nilimwuliza kwa nini. Nilikuwa tayari na onyo moja la mwaka 1971, la pili lingekuwa la kufukuzwa kazi, na mke wangu Georgina alikuwa na mapacha wa wiki mbili. Ma Klaudia alisukuma baiskeli upande mmoja, mimi upande wa pili. Akasema, "Mimi wakinipa barua nitaiweka kabatini. Wewe wakikupa utaiweka wapi?" Akajitaja kwa Meneja, na Ijumaa wakampa.

Jumapili tulikwenda Muleba kwa Sheikh. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akapitisha kidole pembeni kama alivyozoea. Kidole kilifika ukingoni kabla ya wakati wake. Alikirudisha, akajaribu ukurasa mwingine, na mwingine. Akasema, "Kilichochapwa kinauzwa Mombasa. Walimu wangu walikuwa hapa pembeni." Mwamvita alilia bila kujificha. Sheikh akauliza aliyekata ni nani, maana yeye ni mtu wa kuuliza majina. Ma Klaudia akatoa jina lake mara ya pili. Nilikuwa nyuma yake, na daftari la Rajabali kifuani.

Kazi iliyofuata fundi yeyote atakayeingia karakana hii asimuliwe. Kila jani la kitabu kile, yote mia mbili na arobaini, Ma Klaudia alilitengenezea fremu ya karatasi pana, akalibandika katikati kwa gundi nyembamba ya unga, ukingo juu ya ukingo, hata kidole hakijui palipounganishwa. Majani sita kwa siku, siku arobaini, baada ya saa za kazi ya kawaida. Mimi nilikata fremu. Kabla ya kila mkato niliuliza, naye kila mara alijibu, hata swali lilipokuwa la kijinga.

Yalipopatikana mafungu ya kutosha tuliyapeleka Muleba. Mwamvita alisoma daftari, Sheikh alisikiliza, kisha Mwamvita aliandika pambizoni. Sharti la Rajabali lilitimizwa, upande wa kulia kisha wa kushoto. Kuna majibu yaliyomkasirisha Sheikh mpaka akaomba maji. Kuna mengine yaliyomchekesha. Kuna moja alilosema, "Hapa amenibana, na hayupo nimjibu." Hakubadili imani yake, wala sidhani Rajabali alitegemea hivyo. Lakini pambizo kumi na saba Sheikh hakuweza kuzikumbuka, wala Mwamvita. Ziliishi kwenye daftari tu. Akaamuru ziandikwe, na chini ya kila moja iandikwe kwamba imenakiliwa na Rajabali wa Bukoba. Mwamvita alimwuliza kama ana hakika, Mshia katika mnyororo wao. Sheikh alisema, "Alinakili ili anishinde, na hakupunguza neno. Nitampata wapi shahidi mkweli zaidi?"

Siku ya Maulidi kitabu kilikuwa tayari. Sheikh aliagiza ukurasa wa mwisho uandikwe habari zake zote, ili atakayekisoma ajue kilipitia wapi. Mwamvita aliandika kwa wino mweusi, mimi nimeshika kidau: kwamba pambizo hizi zilikatwa kwa kosa la mkono wa Klaudia Kokuberwa, fundi wa Nshambya, na zikarudishwa kwa mkono huohuo, Mungu amlipe. Alipomaliza, Sheikh alisema sasa mnyororo umetimia.

Haukutimia. Niliyeshika kidau nilijua.

Nilijiambia nitasema mapacha wakitembea. Wakatembea. Nikajiambia nitasema Ma Klaudia akipewa usimamizi. Akapewa. Februari 1975 Sheikh Muhidini alifariki, na nikaenda mazikoni nikasimama mbali kabisa. Sasa Mwamvita ana wanafunzi wanawake zaidi ya thelathini. Anawapa pambizo kama alivyopewa, nao wananakili mpaka ukurasa wa mwisho. Mwaka jana alipokuja kununua madaftari aliniambia hivyo kwa furaha. Uongo wangu uko katika nakala thelathini, umeandikwa kwa hati nzuri, na mtu mkweli kuliko wote niliowahi kufanya naye kazi ndiye anayesomwa humo kama mharibifu wa elimu ya watu.

Mwamvita ndiye mgeni niliyemtaja. Jumamosi atakaa safu ya mbele.

Nina barua nyingine mfukoni, ya uteuzi. Kuanzia tarehe 1 Novemba ninatakiwa kuwa msimamizi wa chumba cha jalada, nafasi ya Ma Klaudia. Nimeisoma mara nyingi kuliko sala zangu. Najua ninachokiandika hapa kinaweza kuifuta. Nilipomdokeza Ma Klaudia juzi, alinikatalia kabisa, akasema yaliyopita si ndwele. Ni mara ya kwanza kwa miaka saba namwuliza na simtii. Ataghadhibika, nafahamu, lakini Jumamosi atakuwa mgeni wa heshima na hataweza kuondoka kabla ya chakula.

Basi Katibu asome hivi, kama ilivyo. Mimi, Protase Mwijage, mzaliwa wa Muleba, ndiye niliyekata pambizo za kitabu cha Sheikh Muhidini siku ya Jumanne tarehe 7 Machi 1972, bila kuuliza. Klaudia Kokuberwa alikuwa msibani Kashozi. Alizirudisha yeye. Ndugu Meneja, naomba barua ya onyo itolewe katika faili lake iwekwe katika langu. Bibi Mwamvita, nakuomba uje na kitabu na wino. Mstari ule usifutwe, andika chini yake. Jina langu unalijua kuliandika, na habari hii umeisikia kutoka kwangu mwenyewe.

Ma Klaudia, kwa niaba ya Ushirika wote tunakushukuru kwa kila uzi. Nenda ukapumzike kibanjani kwako, migomba ikuzalie, wajukuu wakuchokoze, na pombe ya lubisi isikupungukie. Tunakutakia maisha mema, mama yetu. Na kama Jumatatu kisu kitakuwa bado mikononi mwangu, usifunge mlango mapema. Nitakuja kuuliza kabla sijakishusha.